Karatasi ya Mahudhurio Kiwalani

Nilipomaliza chuo, serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Nikahamia kwa shangazi Kiwalani na shahada yangu na wasiwasi wa kutosha mtaa mzima. Shangazi alikuwa na kisima uani, majirani wote wakichota hapo. Mwekezaji aliyenunua kiwanda cha ngozi jirani yetu alipoanza kazi, maji yakaota utando na harufu. Kisha tukasikia kiwanda kinataka kupanuliwa.

Mjumbe wa nyumba kumi akaitisha mkutano. Wataalamu wa ofisi ya mazingira walikuja na kreti za soda.

"Msomi, tuchoree karatasi ya mahudhurio," mjumbe akaniambia.

Nikapiga mistari kwa rula: namba, jina, sahihi. Nikajiandika namba moja, nisije nikaonekana nimechelewa. Utaratibu ulikuwa sahihi kwanza, soda baadaye, kwa hiyo hakuna aliyesahau. Shangazi alibonyeza dole gumba, kisha akauliza kama maji yamepimwa. Mtaalamu alisema swali ni zuri sana na limepokelewa. Kweli lilipokelewa, maana hatukuliona tena.

Baada ya wiki mbili majirani wakanituma ofisini kwao kuulizia majibu ya vipimo vya maji. Nilisimama mlangoni muda mrefu nikipima kama karani ni wa shikamoo au wa habari za kazi. Alitaka barua ya utambulisho ya mjumbe. Nikaifuata Kiwalani, nikarudi nayo. Akasema majibu ni siri, wananchi wasije wakaingiwa na hofu.

"Mie hofu ninayo tayari," nikamwambia.

"Basi huyahitaji, braza."

Ili nisiondoke mikono mitupu, akanionyesha ukurasa wa mwisho wa faili. Ilikuwa karatasi yangu, mistari imenyooka vizuri. Kichwa cha juu kilikuwa kimefutwa kwa wino mweupe na kupigwa chapa upya: WANANCHI WALIORIDHIA UPANUZI. Wa kwanza kuridhia nilikuwa mimi.

Nilipomweleza shangazi, alilitazama dole gumba lake. "Na swali langu wameliandika wapi?"

"Halimo, shangazi."

Tukadai mkutano wa pili, tukaupata. Safari hii hakuna aliyetia sahihi, ingawa soda zilikuwa za baridi. Shangazi alileta maji ya kisima kwenye glasi, akamkaribisha mtaalamu anywe.

"Samahani mama, leo nimefunga," alisema, chupa ya soda mkononi imebaki nusu.

Tulibishana mpaka jua likazama. Barua ya ofisi ilipofika, ilisema mkutano haukufanyika kwa kukosa wahudhuriaji.

Mimi nilianza kuandika rufaa. Niliiandika mara nne, nikihofia salamu ya mwanzo ni kali mno. Shangazi alikwenda uani akakifunika kisima kwa bati na mawe manne. Jirani aliyekuja na ndoo akasimama kushangaa.

"Maji haya yana sumu, mwanangu. Kawaambie na wenzio."

"Ofisi imesema?"

"Nimesema mie."