Vichochezi vya Bi Umkulthum

Bi Umkulthum wa Tibirinzi alikuwa msusi. Maharusi wengi wa Chake Chake walipitia mikononi mwake. Lakini baada ya uzazi wake wa mwisho, nywele zake mwenyewe zilianza kutoka mafungu mafungu, na hata mtoto alipoanza kutambaa hazikurudi. Alipaka mafuta ya nazi, habbasoda, hata maji ya vitunguu, mpaka mumewe Nabhan akahamishia mto wake upande wa miguuni. Wapi.

Akaenda kwa Daktari Fizza, aliyefungua chumba cha kutibu ngozi na nywele mjini. Daktari akamweleza kwamba mwilini mna vichochezi vya ukuaji, ndivyo vinavyoliambia shina la nywele liamke lichipuze. Vikipungua, shina hulala, nywele ya mwanamke ikawa nyembamba kisha ikadondoka. Angemtoa damu kidogo, aizungushe kwenye mashine, achukue ile sehemu yenye vichochezi vingi, amdunge nayo kichwani. Wengine huota nywele, wengine hawaoti; hakumwahidi kitu.

Sasa, ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa marudio, watu wa vyama viwili hawazikani wala hawauziani sukari. Bi Umkulthum, mtu wa upinzani, alimsimulia jirani uani kwamba ana vichochezi vimelala na daktari anataka kuviamsha. Maneno yakaruka ukuta. Kufika alasiri, sheha wao, Mzee Msellem, mkono wa serikali mtaani na mtu wa chama tawala, alikuwa barazani kwake na uso wa kazi. Wakaulizana hali, kisha akasema:

"Bi Umkulthum, nimearifiwa una vichochezi."

"Ninavyo, Mzee, lakini haba. Ndiyo maradhi yenyewe."

"Viko wapi?"

"Kichwani."

Sheha akataka kuviona. Bi Umkulthum akamkumbusha kwamba yeye si maharimu wake, na ushungi hauvuliwi kwa amri ya serikali. Mzee akafikiri, akaona kweli, akamwita mkewe, Bi Samah, aingie ndani akague.

Bi Samah aliingia, asitoke. Chai aliyoletewa sheha ikapoa. Akaanza kuhofu mkewe kageuzwa chama. Kumbe Bi Samah naye alikwishavua ushungi wake, na utosini palikuwa peupe. Wanawake hawa hawakusemeshana tangu kura ya Oktoba, ile iliyofutwa. Bi Umkulthum alikipapasa kile kichwa taratibu, kama cha mwari, na mke wa sheha akalia kidogo.

Alipotoka alimwambia mumewe, "Huyu hana makosa. Na mimi n'nataka vyangu viamshwe."

Wakaenda kwa daktari pamoja. Miezi ikapita. Bi Umkulthum akaota malaika mbele, vile vinywele laini kama vya mtoto, kisha nywele hasa, na maharusi wakazidi. Bi Samah hakuota kitu cha maana. Akaacha tena kumwamkia msusi, akawaambia watu kwamba daktari yule anapendelea upinzani.

Hata hivyo, kila ikikaribia Idi huingia kwa mlango wa uani, asukwe zile alizo nazo. Bi Umkulthum humsuka polepole, asizing'oe.