Kahawa na Chumvi, Mbwa Wetu wa Iyula

Sisi tuliokulia Iyula enzi zile mahindi yalipokuwa yakilindwa na watoto, hatukuhitaji kalenda ukutani. Mahindi yakianza kubeba, ngedere walishuka kutoka msitu wa mtoni, na watoto wa kila nyumba walipewa madebe ya kupiga. Ukitoka shule unatupa daftari, unakula ugali uliopoa kwa maharage, kisha unapanda dungu, ule ulingo wa miti katikati ya shamba, unakaa huko mpaka jua lizame. Ukisinzia kidogo tu, ngedere anavunja mahindi yako matano na kukaa kwenye tawi akitafuna huku anakutazama, kama mgeni uliyemkaribisha mwenyewe. Watoto wangu nikiwasimulia haya huuliza kwa nini hatukuweka kamera.

Basi fikiria furaha yetu siku Baba aliporudi kutoka Itumba na kikapu kinachotikisika. Rafiki yake wa huko alikuwa na mbwa jike aliyezaa, akampa watoto wawili. Kikapu kilisafiri mapajani mwake kwenye basi dogo, na suruali yake ilikuwa imelowa mbele, jambo ambalo hakutaka kuulizwa. Mmoja alikuwa wa rangi nzito kama buni zilizokaangwa, mwingine wa weupe uliochujuka. Mdogo wangu Yaredi, aliyekuwa darasa la tatu, aliwaita Kahawa na Chumvi hata kabla hawajatolewa kikapuni. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikamchukua Kahawa. Chumvi akawa wa Yaredi.

Hapa ndipo tulipokosea, na nitaeleza taratibu, kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya kwa upendo. Kwetu mapacha hutendewa sawa. Mmoja akinunuliwa gauni, mwingine anunuliwe la kitambaa kile kile. Mmoja akipewa hindi la kuchoma, la pili liwe limekwisha kugeuzwa motoni. Sisi tukaona watoto wa mbwa waliozaliwa pamoja ni mapacha tu, hawana tofauti na watu. Tukawalisha kwenye sahani moja ya bati. Tukawalaza kwenye pipa moja lililolazwa ubavu, juu ya gunia la kahawa. Nilichana kanga kuukuu ya Mama nikawafunga shingoni vitambaa vinavyofanana. Kwenda mtoni pamoja, kurudi pamoja. Tukiwafundisha kukaa, tuliwafundisha wote kwa mara moja, na Kahawa akikaa, Chumvi naye alikaa. Tulijisifu sana kwa wenzetu shuleni.

Wakati huo baba yetu mdogo, anayefuga ng'ombe Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, alikuwa ameomba mbwa. Jioni moja Baba alituita.

"Tuna mashamba mawili," alisema. "La juu hapa nyuma ya kahawa, na la bondeni. Mahindi yakibeba, nataka mbwa mmoja juu na mwingine bondeni. Wakiweza, wote wanabaki. Wakishindwa, mmoja anatosha, na Chumvi atakwenda Ivuna. Kule kwenye machimbo ya chumvi atakutana na ndugu zake."

Alicheka peke yake. Yaredi alimkumbatia Chumvi, hakumwachia mpaka tulipokwenda kulala.

Siku ya kwanza ya kujaribu, mimi nilipanda kwenda shamba la juu na Kahawa, Yaredi akateremka bondeni na Chumvi. Mashamba yale hayakuwa mbali sana. Mtu akiita kwa nguvu anasikika. Sikumaliza hata kupanda dungu. Kahawa alinyanyua pua, akachomoka. Chini nako Chumvi alikuwa ameanza kulia kama mtoto aliyeachwa sokoni, kisha naye akachomoka. Walikutana katikati ya njia, wakarukiana, wakabiringishana kana kwamba walikuwa hawajaonana mwaka mzima. Mimi na Yaredi tukawakimbilia kuwatenganisha, na mashamba yote mawili yakabaki bila mtu. Ngedere hawakuhitaji kualikwa mara mbili. Jirani yetu, mzee mmoja mwenye maneno, alikuwa akipita na baiskeli yake. Akasimama, akaegemea usukani.

"Wanangu, mbwa wenu wana adabu," alisema. "Wameacha kazi wakasalimiane kwanza."

Jioni ile Baba aliyaona mabua yaliyovunjwa. Hakutupiga. Alisema tu kwamba baada ya wiki tatu kuna mtu anakwenda Ivuna, naye ana nafasi ya mbwa kwenye gari. Hilo lilituumiza kuliko fimbo.

Mama ndiye aliyetuokoa, ingawa mwanzoni tulidhani anatuonea. Mama yetu ni pacha. Mwenzake, ambaye sisi tunamwita Mama Mkubwa, aliolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Siku hiyo Mama alikuwa akisonga ugali, sisi tumekaa kwenye vigoda tumenuna.

"Mnajua kwa nini nilimuunguzia baba yenu ugali siku ya kwanza?" aliuliza.

"Siku ya kwanza tu?" Baba alijibu kutoka uani.

Mama hakumjali. "Kwetu dada yangu alikuwa anasonga, mimi nachota maji. Tangu tukiwa wadogo. Watu wanatusifu, hawa mapacha wanajua kazi. Kumbe kila mmoja anajua nusu. Nimefika kwa watu, nusu yangu nyingine iko Nakonde. Nililia wiki nzima. Si ugali uliokuwa unaniliza. Nilikuwa sijawahi kufanya kitu bila yeye kuwa pembeni." Akageuza mwiko. "Huyo Chumvi wenu, mmewahi kumsikia akibweka?"

Tukatazamana. Hatukuwahi. Kahawa alikuwa akibweka kwa niaba yao wote wawili.

Kesho yake tukaanza upya, kwa utaratibu aliotupangia yeye. Sahani mbili, moja mbele ya nyumba na nyingine jikoni. Pipa likabaki la Kahawa. Chumvi akahamia kwenye banda la kuku lililokuwa tupu. Kila mmoja atembezwe peke yake, kwanza kwa muda wa kwenda mtoni na kurudi na ndoo moja, kesho ndoo mbili, keshokutwa tatu. Jioni waachwe wacheze pamoja mpaka wachoke, kwa sababu, Mama alisema, hatuwafundishi kuchukiana. Mbwa akikutazama wewe badala ya kumtafuta mwenzake, mpe kitu hapo hapo, usingoje. Hicho kitu kilikuwa ukoko wa ugali, ule mkavu wa chini ya sufuria. Msomaji wa rika langu anajua thamani ya ukoko kwa mtoto. Tuliutoa wote kwa mbwa, wiki tatu, na bado nakumbuka harufu yake ikipita karibu na mdomo wangu.

Kahawa alizoea upesi. Chumvi alikataa kula siku mbili. Alilala kwenye mlango wa banda, kidevu chini, anatoa sauti nyembamba isiyokatika. Siku ya tatu nilimkuta Yaredi amekaa naye ndani ya banda, manyoya ya kuku kichwani.

"Dada, bora aende Ivuna," aliniambia. "Huku tunamtesa."

Nilimwambia angoje mpaka Jumapili. Kisha nikamuuliza kama Chumvi alikuwa akimtazama yeye, au akitazama mlango. Yaredi akafikiri. "Leo asubuhi alinitazama mara moja," alisema. Nikamwambia basi hiyo mara moja ndiyo tuliyo nayo, ampe ukoko. Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Chumvi alikula mkononi mwake, na Jumatatu alimfuata mpaka mtoni bila kugeuka nyuma.

Zikiwa zimebaki siku mbili yule mtu wa kwenda Ivuna aondoke, sote tulikuwa shamba la juu isipokuwa Yaredi. Mama alikuwa akichuma majani ya maboga, Baba akikaza kamba za dungu, mimi nimekaa na Kahawa. Mara tukasikia mbwa akibweka chini bondeni. Sauti nzito, ya kukwaruza, inakatika kisha inarudi, kama mtu anayeanza kazi mpya na hana uhakika.

Baba akainua kichwa. "Huyo mbwa wa nani?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuisikia sauti ile. Kahawa alisimama, masikio juu. Nilimshika moyoni tu, mkono wangu haukugusa shingo yake. Alitazama bondeni, akanitazama mimi, akaketi. Kule chini matawi ya mtoni yalikuwa yakitikisika. Ngedere walikuwa wanarudi walikotoka. Kisha tukasikia Yaredi akicheka.

"Ni wa kwetu," Mama alisema.

Baba alirudi kwenye kamba zake, akakaza fundo moja kwa muda mrefu. "Baba yenu mdogo atafutiwe mbwa mwingine," alisema.

Walitulindia mashamba miaka mingi, kila mmoja kwake, na kila jioni walikutana kwenye njia ile ile na kubiringishana. Mimi nilikwenda shule ya bweni. Yaredi, ambaye maisha yake yote nilikuwa nikimjibia hata wageni wakimuuliza jina, akabaki nyumbani akalazimika kuongea. Sasa ni mwalimu Itumba, na ukimpigia simu uwe umekwisha kula.

Siku hizi ninaishi Tunduma. Hapa hakuna mahindi ya kulinda. Kuna geti, na malori yanayosubiri kuvuka. Mwaka huu wanangu, Bupe na Amani, wamepewa watoto wawili wa mbwa. Wamewanunulia mikanda inayofanana. Mbwa hao wana picha nyingi kuliko nilizopigwa mimi tangu nizaliwe, na wanaamriwa kwa Kiingereza ingawa wamezaliwa mtaa wa pili. Wanakula sahani moja na kulala boksi moja. Nilipowaambia habari ya nusu na nusu, walinitazama kwa upole ule wa kumvumilia mtu mzima, kisha Bupe akaingia kwenye simu. Baada ya muda akaja. "Mama, hata huku wanasema hivyo hivyo," alisema, kwa mshangao. Nikamwambia simu yake ina akili, imemsikiliza bibi yake.

Sisi tulikuwa na njaa ya ukoko na wiki tatu za kuokoa mbwa. Wao wana biskuti za mbwa za dukani, na hakuna anayewatishia kitu. Nilihofu kwamba bila tishio hawatakuwa na subira. Lakini nimemwona Amani amekaa kwenye saruji ya uani na yule mdogo anayelialia, simu ameiweka ndani, anangoja tu mbwa amtazame. Alikaa mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia.

Jana nilikuwa nikizungumza na Yaredi kwenye simu. Alikuwa amefika katikati ya hadithi yake ya tatu, na huku uani kwangu sauti ya kubweka nisiyowahi kuisikia ikapaa, nyembamba, inakatika kisha inarudi. Yaredi akanyamaza.

"Dada," alisema, "huyo mbwa wa nani?"