Bwawa Lililokaa Mahali pa Jiko

Watu wa mtaa wetu wa Kilibula wakipita nyuma ya nyumba yetu husema maji ya bwawa letu ni safi kuliko ya bomba. Ni utani, maana wanajua bomba lenyewe hutoa tope. Nami hucheka nao, nikiendelea kuokota majani majini. Sijamwambia hata mmoja wao kwamba samaki wa bwawa lile walikuwa kisingizio tu.

Pale palikuwa na jiko. Mchana mmoja mvua ilinyesha sana milimani, mto ukaacha njia yake, ukaingia mitaani ukisukuma mawe yenye ukubwa wa ng'ombe. Ulipopita, jiko halikuwapo, na mahali pake palibaki shimo lenye kina cha kumpita mtu. Mdogo wangu naye hakuonekana tena. Mimi ni kifungua mimba, yeye alikuwa kitinda mimba, msichana wa miaka tisa. Watu walipouliza mtoto alikuwa wapi, nilijibu alikuwa jikoni. Basi wanaume wakachimba mle siku nne. Walitoa sufuria, mawe, na kinu kilichopasuka.

Siku za kilio zilipita, lakini mama hakukubali kilio kiondolewe, matanga yaishe. "Muntu ambaye sijamuona, namulilia namna gani?" aliwauliza watu wa kanisa. Shimo nalo akakataa lisifukiwe. Kisha ziwa lililo chini ya mtaa likapanda, maji yakachipuka kutoka chini, shimo likajaa. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba shimo lililoachwa wazi uani huita maiti ya pili. Nikamwomba baba mdogo, anayefuga samaki Kiringye, atuletee vifaranga vya tilapia. Nani atalinung'unikia bwawa la samaki?

Mama alitaka kitu kimoja tu kwangu: aweze kuona chini.

Nikaifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo sikuwahi kuipa kazi nyingine. Nilipanda nyasi ukingoni ili udongo usiporomoke, nikachimba mfereji wa kuyapisha maji ya mvua. Tope likiingia hata hivyo, nilitwanga mbegu za moringa, nikafunga unga wake katika kitambaa, nikaukamua ndani ya ndoo ya maji, nikamwaga polepole kuzunguka bwawa. Baada ya saa chache tope hushuka na maji hufunguka. Kilichonikasirisha ni chakula. Kila mchana mama alimega sehemu ya mtoto, donge la ugali na mboga ya lengalenga juu yake, akaitia majini. Samaki walidonoa kidogo, kilichobaki kikaoza. Ilinibidi kukichota kwa kichujio, na mama akinitazama kama vile ninaiba kwenye sahani ya mtu.

Kila asubuhi alikuja kuketi kwenye jiwe, akainama, akatazama kila pembe. "Leo pia hayuko," alisema, kisha akaenda kunywa chai. Maneno hayo matatu yalimtosha kuishi siku moja zaidi.

Mimi nilijua hayuko. Hata hivyo niliamka kabla ya mama, nikatazama kwanza. Uongo ukikaa sana nyumbani unakuwa mwenyeji, hata aliyeukaribisha anaanza kuuheshimu. Asubuhi moja niliona kitu chekundu chini, rangi ileile ya gauni la mdogo wangu, nikakivuta juu kwa kichujio. Kilikuwa kifuniko cha beseni. Mama alisema anasikia vyombo vikioshwa ndani ya maji. Nilimwambia ni samaki. Baada ya muda nami nikavisikia, na niliogopa mno kumwambia.

Baba mdogo alipokuja kuwaona samaki wake, alicheka kwanza. Wamekuwa vichwa vitupu, mikia imekonda. Akakunja shati, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akahesabu vidole vyake vyote.

"Maji ya samaki inapashwa kuwa kijani," aliniambia. "Unaingiza mukono mupaka hapa, vidole vinapotea. Pale ndio kuko chakula. Sasa weye unafuga samaki ao unafuga kioo?"

"Mama anapenda aone chini."

"Shemeki anaona nini kule chini?"

Nilikuwa nimechoka, na niseme ukweli, nilifurahi kupata mtu wa kunisukuma. Nilifikiri mama akikosa kuona, atazoea kutoona. Tukajaza gunia samadi ya ng'ombe, tukalitumbukiza pembeni. Haikupita wiki mbili, bwawa likawa kijani kibichi na samaki wakaanza kunona.

Mama hakugombana na mtu. Siku maji yalipofunga kabisa, aliketi kwenye jiwe lake hadi jua likamchoma, na chai ikapoa. Siku ya nne alitia majini chakula chote cha sahani yake, sehemu yake na ya mtoto. Siku ya sita, asubuhi kweupe, nilitoka na ufagio nikamkuta ndani ya bwawa, maji yamemfika kifuani, kitenge kimeelea pande zote. Alikuwa anatembea polepole, akipapasa chini kwa nyayo, jinsi mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Hatua mbili mbele yake ndipo penye kina kirefu. Mama hajui kuogelea.

"Mama, toka."

"Ngojea kwanza. Upande huu sijafika."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yalikuwa yangu, lakini kifo kilikuwa kinakuja kumchukua mwingine. Niliingia na nguo zangu, nikamshika bega, nikasema yote. Kwamba mtoto hakuwa jikoni. Kwamba tulikuwa tunavuka uwanja kukimbilia kwa jirani, kwa mkono mmoja nimemshika yeye, kwa wa pili nimeshika sanduku la vitenge. Maji yakatupiga. Nilipoinuka upande wa pili nilikuwa na sanduku. Watu walinisifu siku ile kwa kuokoa vitenge vya mama, nami nikawaacha wanisifu. Kile kilichokuwa kinaelea pale kifuani pake kilikuwa kimojawapo.

Mama aliacha kupapasa chini kwa nyayo. Kisha akauliza jambo moja.

"Mukono gani?"

Nikaunyoosha wa kuume, ule uliokuwa umemshika mtoto. Aliutazama sana, mbele na nyuma, bila kuugusa. Akageuka, akatoka majini peke yake.

Wiki ileile aliwaita watu wa kanisa, wakaomba, kilio kikaondolewa. Hakumwambia mtu yeyote nilichosema, na hatamwambia, namjua. Jiwe lake halikalii tena. Samadi niliiondoa, maji nikayarudisha kuwa meupe, na asubuhi ninayeinama kutazama ni mimi. Siwezi kuacha.

Mama hajanifukuza wala kunitukana. Nikiugua malaria hunifunika na kunikanda kichwa. Ila kuna hili. Ni yeye aliyenichapa vidole nilipokuwa mdogo, kwa sababu nilimpa mgeni maji kwa mkono wa kushoto. Siku iliyofuata kilio kuondolewa, nilimletea chakula kwa mkono wa kuume, nimeinama kidogo, kama alivyonifundisha. Hakupokea. Sahani ilikaa hewani kati yetu.

"Unipatie na ule mwingine, mwanangu," alisema kwa upole.

Tangu siku ile ninamhudumia kwa kushoto, hata mbele ya wageni. Wao hutazamana, wakidhani sikufunzwa adabu, na mama huendelea kula.