Siku Niliyoambiwa Nimelima Barabara

Nakumbuka siku moja nilitukanwa mbele za watu, nami nikachekelea nikidhani nimesifiwa. Usinicheke bado, mwanangu. Ngoja nimalize, ndipo ucheke, maana hata mimi siku hizi hucheka.

Yamenirudia haya kwa sababu ya mjukuu wangu Zuhura, aliyeolewa kwa wafugaji kule Magindu. Juzi alinipigia simu, furaha tele. Kikundi chao kimechaguliwa na mradi, watapewa fedha za kujaribu kutenga malisho. Watazungushia uzio eneo moja ng'ombe wasiingie, nyasi zipumzike, kiangazi kikikaza ndipo walifungue. Jambo jema, nikawaombea dua palepale. Kisha akasema, "Babu, tumeona uzio tuanze na upande wa barabara ya kwendea Mlandizi, ili wageni wakija na gari lao wauone." Loo! Nikamwambia, ngoja kwanza, mjukuu wangu. Basi niliyomwambia yeye nakwambia na wewe.

Nilikuwa kijana, nimeoa si muda mrefu, hapahapa Masaki. Mtu wa Dar ukimtajia Masaki anadhani una ghorofa ufukweni. Masaki yetu ya Kisarawe ni ya mihogo, mikorosho na mkaa, wala hatuoni haya. Marehemu baba aliniachia shamba la mteremko. Juu linagusa barabara, chini linaishia bondeni, na bondeni pale ndipo shangazi yangu Bi Mwajuma alipolima mpunga. Alikuwa mjane, na mpunga ule ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Hilo liweke moyoni, maana ndilo jambo lenyewe.

Shamba langu lilikuwa limechoka. Miti nilishaikata yote kwa mkaa, nikabakiza visiki, na kila masika mvua ilikuja kuchukua fungu lake la udongo. Ndipo ukaja mradi ukitafuta mkulima wa kujaribu mambo ambayo kwetu hakuna aliyewahi kuyafanya: kuchimba makinga maji, yaani matuta ya kukata mteremko yaliyo sawa pande zote, kupanda nyasi za mabingobingo juu yake ili mizizi ishike udongo, na kuviacha visiki vichipue tena. Fedha zingekuja kwa mafungu mawili, la kuanzia na la baada ya ukaguzi. Tukaambiwa wazi kwamba shamba langu ndilo la kwanza, na likifaa, majirani nao watapewa.

Bibi shamba, yaani ofisa kilimo aliyetusimamia, binti mmoja mpole lakini hana mchezo na kazi, alinipa kipimo. Fito tatu zimefungwa kama herufi A, katikati unaning'inia uzi wenye jiwe. Unakitembeza hatua kwa hatua kukata mteremko, jiwe likitulia katikati ujue hapo pako sawa, unachomeka kijiti. Kazi ya siku nyingi hiyo. Mimi nikasema, ya nini yote haya, na macho ninayo? Nikakitundika kipimo cha watu kwenye mkorosho wa nyumbani, kuku wakakifanya kitanda.

Nikachimba kwa kukadiria, tena matuta matatu tu, yale ya juu, pale barabarani. Nikayapanda mabingobingo yakapendeza, nikafagia mpaka katikati ya mistari. Umeona wapi mtu anafagia shamba, mwanangu? Chini ya hapo sikugusa kitu. Fedha ya vibarua iliyobaki nikanunulia baiskeli. Na unajua baiskeli ile ilibeba nini? Mkaa! Fedha ya kurudisha miti ikawa inabeba miti. Astaghfirullah.

Siku ya ukaguzi wageni wakafika, wakashuka garini, wakasimamisha kibao cha mradi, wakapiga picha. Bibi shamba alitaka washuke mpaka bondeni, lakini wakubwa zake waliangalia viatu vyao, kisha wakaangalia saa. Tukiwa pale, nikamwona shangazi anapanda kutoka chini, kanga kaifunga kiunoni, tope mpaka magotini. Sisi wote tulikuwa tumelitazama shamba kutoka juu. Yeye alikuwa amelipitia kutoka chini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akatazama matuta, akatazama kibao, akaitazama na baiskeli iliyoegeshwa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, umelima barabara."

Wageni wakapiga makofi.

"Tena barabara kwelikweli," akaongeza, akaenda zake.

Nilivimba kichwa, wallahi. Nilimsimulia mke wangu maneno yale mara mbili. Akaniuliza, "Alisema huku anacheka?" Nikasema hapana. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua mchicha wake. Wanawake wale walijuana, nami sikuwa na habari.

Masika yakaingia. Asubuhi moja ilinyesha mvua ya kujaza mitaro. Matuta yangu ya kukadiria yalikuwa yameinama upande mmoja, basi maji badala ya kutulia na kunywewa na udongo, yakakimbilia kule kwenye mwinamo, yakajaa, yakapasua. Chini hapakuwa na tuta la pili la kuyapokea, wala jani la kuyashika. Yaliteremka na mchanga wote. Kufika adhuhuri mpunga wa shangazi ulikuwa umefukiwa, ncha tu za majani ndizo zilizoonekana.

Nikashuka. Nilimkuta amesimama na miche michache mkononi, halii, hagombi. Heri angenigombeza.

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini, na nilishakwambia? Nilikwambia umelima barabara. Shamba hujalilima."

Hapo ndipo neno lile lilipogeuka sikioni mwangu. Nikakaa kwenye tope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Njaa ya yule mama nilikuwa nimeipanda kwa mikono yangu, halafu nikashukuru nilipopigiwa makofi.

Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Wageni wanatokea juu, na maji yanatokea juu. Lakini wageni wanaishia kwenye kibao. Maji hayajui kusoma. Kesho nenda kwa yule binti, ukamwambie ukweli."

Nikamwambia, shangazi, watachukua fedha zao, na majirani watakosa kwa ajili yangu.

"Mficha uchi hazai," akasema, akainama kuokota miche mingine.

Usiku ule sikula. Asubuhi nikaenda kwa bibi shamba, nikamweleza yote, la kipimo, la kuku, hata la baiskeli. Alikunja uso. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Kaka, sisi tunalipia kujaribu. Ungejaribu kweli ukashindwa, ningeandika umeshindwa wapi, na jirani yako asingeshindwa palepale. Hiyo nayo ni faida. Lakini wewe umetuuzia picha." Fungu la pili akalizuia. Hakunifukuza, ila akaniambia nianze upya kwa kilicho changu, na safari hii nipime.

Nikauza baiskeli, nikaweka vibarua. Shangazi nikawa namlisha nyumbani kwangu, anakula tunachokula sisi, mihogo na kisamvu. Naye, mama yule, hakukaa barazani kunisubiri. Alikishika kipimo upande mmoja nikashika upande mwingine, tukautembea mteremko wote. Nikitaka kuharakisha ananiambia, "Jiwe bado linacheza, una haraka ya nani?" Pale maji yalipopasua, bibi shamba alikuja akapachora kwenye daftari lake, akawaonyesha majirani kwa nini palipasuka. Kosa langu likawa somo lao, wakachimba yao bila kulirudia.

Ukaguzi ulipokuja tena, shangazi aliwasubiri wageni barabarani mwenyewe. Akawaambia, "Karibuni, ila kwetu wageni wanapitia chini." Wakavua viatu, wakakunja suruali. Walianzia mpungani kwake, wakapanda tuta kwa tuta mpaka kwenye kibao. Fungu la pili likatoka, na majirani nao wakapewa. Tangu siku hiyo, huku kwetu mkaguzi akija anaulizwa kwanza, umepita bondeni?

Masika yaliyofuata maji yalifika bondeni yakitembea, hayakimbii. Shangazi alivuna. Wali wake wa kwanza akaniletea kwenye bakuli lililofunikwa kawa, anacheka mpaka mabega yanatikisika: "Kula mwanangu, huu umeiva barabara." Nilikula machozi yakinitoka, naye akazidi kunicheka. Mungu amrehemu. Vile visiki leo ni miti, nimetundika mizinga ya nyuki, na asali yake Zuhura anaijua ladha.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipewa fedha ya kujaribu jambo jema katika ardhi, ijaribie pale palipo pagumu, pale ng'ombe wanapokanyaga sana, pale maji yanapouma, hata kama hakuna gari litakalofika. Ukishindwa, sema mapema umeshindwa wapi, usione haya, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, tena wa jirani yako. Na kabla hujafurahia makofi ya aliye juu, muulize anayelima chini yako.

Mungu akujalie nyasi kiangazi na udongo usiokukimbia. Akupe na shangazi wa kukwambia ukweli, nawe akupe masikio ya kuusikia siku ileile, si baada ya mvua. Zuhura nimeshamwambia, nawe nakwambia: usilime barabara, mwanangu. Lima barabara.