Maji Juu ya Mwamba wa Moto

Laiti ningekataa kumwaga yale maji bila kuita. Majuzi, nje kidogo ya Kamina, niliona wanawake wakiwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, na harufu ya jiwe lililoungua ikanirudisha kwenye karieri yetu, machimbo ya kokoto, alasiri moja ya enzi za Zaire.

Kwetu, mtu aliyemwaga maji baridi juu ya mwamba uliochomwa aliita kwanza, “Mayi!”, na wote wakageuza migongo. Mimi nilidhani tunalibembeleza jiwe. Sikujua kwamba vipande huruka.

Jado, mtoto wa mwanajeshi, au soda kama tulivyowaita, wa kambi ya Base, alikuwa ametawanya kwa teke kokoto alizoponda mama tangu asubuhi. “Mama yenu atapika ile majiwe na sombe?” alicheka, kana kwamba kokoto ni za kuungwa na kisamvu, na mama akalia.

Kaka yangu Kasongo alininong'oneza, “Leo usiite, mudogo. Acha mutoto wa soda ashituke mbele ya bantu.”

“Na jiwe likikataa, yaya?” nilimuuliza kaka.

“Mwanga tu!”

Nilimwaga ndoo nzima kwa furaha, nikitamani Jado naye alie. Mwamba ulipasuka kwa mlio wa bunduki. Jado, aliyekuwa bado karibu na mwamba, alikuwa ameinama kufunga kiatu, hakuguswa. Kasongo, aliyekodoa macho amwone adui akiruka, alianguka huku ameshika uso.

Jicho lake la kuume halikupona. “Weye njo ulimwanga,” aliniambia hospitalini, kana kwamba si yeye aliyenituma kumwaga, na kisasi chake chote kikahamia kwangu. Tulizeeka katika mitaa miwili jirani, na kaka yangu akafa bila kunisemesha tena.