Saa Aliyoiunda Vijay

Baada ya mapinduzi kuwatawanya, Vijay hakubaki na rafiki London ila Soud. Unguja walikaa mtaa mmoja. Sasa wote walipanga Kilburn, na kila Alhamisi walikwenda pamoja klabu ya vigari vya umeme, vile vinavyokimbizwa kwenye mifereji iliyochongwa juu ya ubao mrefu.

Mizunguko ilihesabiwa kwa macho. Jioni moja zamu ya kuhesabu ilikuwa ya Vijay, na Soud akashindwa kwa mzunguko mmoja.

"Umenipunja," Soud alisema.

"Gari lako liliruka nje, bwana. Mzunguko ule hukuumaliza."

"Na baba yako alikuwa na maneno hayohayo, kidole kikiwa juu ya mizani."

Aliyasema kwa Kiswahili, Waingereza wasielewe. Vijay alielewa. Duka la baba yake lilivunjwa siku zile za mapinduzi, na mzee akafia ugenini. Soud alikuwapo msibani, akalia.

Vijay alikuwa fundi wa televisheni. Majira yote ya baridi aliinama kwenye meza ya jikoni, mkewe Lata akila peke yake. Alitoboa tundu kwenye mfereji wa kipande cha ubao, chini akaweka jicho la kunasa mwanga, juu akaning'iniza taa. Kigari kikipita kinaukata mwanga, swichi inalia, namba inapanda, na saa inaonyesha mzunguko umechukua muda gani. Mara ya kwanza jicho lilidanganywa na taa ya jikoni. Akalifunika kwa karatasi nyeusi, akaanza upya.

"Kwani lazima?" Lata aliuliza.

"Nataka akose la kusema."

Siku saa hiyo ilipofungwa klabuni, watu walipiga makofi. Soud alikimbiza kigari chake, akashindwa tena, namba zikiwa wazi mbele ya wote. Akaiinamia ile saa.

"Nzuri," alisema. "Na aliyeitengeneza nani?"

Vijay alivaa koti akatoka. Klabu hakurudi tena. Wakikutana barabarani, walisalimiana kwa kidevu.

Miaka ikapita, akahamia Tooting, akafungua karakana yake. Siku moja Harrison, mwanachama wa zamani, akaleta redio mbovu.

"Saa yako ingali inafanya kazi," alisema. "Rekodi ya kasi anayo Soud. Saa yenyewe anaisifu sana, anasema ile haijui kupendelea."

Vijay aliifunga redio skrubu ya mwisho, akamkabidhi, akamwambia mvua imekatika, awahi basi.