Mama Mkwe Alisema Ameshiba

Mpaka leo kuna wazee kule Mweso ambao wakiniona sokoni huniambia, "Mama shujaa, habari?" Nawajibu habari njema, naendelea na njia yangu. Nikisimama itabidi nieleze, na kueleza kunachosha. Acha nieleze hapa, mara moja, halafu nipumzike.

Nilikuwa mke kijana. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alikuwa bado hajaota jino hata moja. Tulikaa mlimani, juu ya Kashuga, tukilima maharage, na mihogo kidogo upande wa bondeni. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja miaka michache nyuma, lakini kazi ambayo mume wangu aliingojea haikuja nao, kwa hiyo alishuka Walikale, kwenye machimbo ya Omate. Mimi nilibaki na mama yake.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kali. Sijawahi kumsikia akisifu kitu. Nikisonga bugali mgumu, alisema nimempikia jiwe. Nikisonga laini, aliuliza nani anaumwa. Alilala mwisho, akaamka kwanza, na mimi nikitoka nje macho yamevimba kwa sababu mtoto alinyonya usiku kucha, alikuwa amekwisha kufagia uwanja na ananitazama kama mtu aliyechelewa kazini.

Tulikuwa tukishuka Mweso kubadilisha maharage yetu na chumvi na sabuni. Duka tulilozoea lilikuwa la mfanyabiashara Mnande, mtu wa Butembo, mwenye lori. Mke wake alikuwa amejifungua mvulana wakati mimi nilipojifungua wangu. Maziwa yake hayakutoka vizuri tangu mwanzo, basi mtoto alilelewa kwa maziwa ya kopo. Niliyaona makopo yale yamepangwa kwenye rafu, yanang'aa, nikafikiri: mwanamke huyu hulala usiku.

Hakuwa mtu mbaya. Lakini mvua ikinyesha alituacha tusimame nje na vikapu vyetu, kwa sababu ya matope ya miguu yetu. Mama mkwe hakulisahau jambo hilo. Tukirudi mlimani alisema, "Ule mwanamuke ananiona miye kama mbuzi."

Halafu vita vikatufikia. Sitasema nani alianza, maana sisi tuliokimbia hatukuambiwa. Asubuhi moja tuliona moshi kwenye mlima wa ng'ambo, kisha watu wakishuka mbio na magodoro vichwani. Mama mkwe hakupiga kelele. Alijaza kikapu viazi na maharage, akatia sufuria juu, akachomeka jembe pembeni.

"Funga mutoto," aliniambia.

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Kwa bwana yako. Omate."

Alikuwa hajawahi kufika Omate. Mimi pia.

Kule chini barabarani tulimkuta mke wa mwenye duka. Duka lilikuwa limevunjwa. Mume wake alikuwa ameenda Butembo na lori kuchukua bidhaa, na barabara ilikuwa imefungwa nyuma yake. Alisimama peke yake na viatu vyake vya kisigino, mtoto mgongoni, kopo moja la maziwa mikononi. Alitutambua kwa sura. Hakutusalimia, na sisi hatukumsalimia, lakini tulipopita alianza kutufuata. Tukisimama, alisimama. Tukiondoka, aliondoka.

Njia ya kushuka Walikale ni ndefu, na mvua ya kule haina adabu. Unashuka kutoka kwenye baridi ya milima mpaka unaingia msituni, matope yanakushika kama mtu anayekudai deni. Kopo lilikwisha njiani. Nilimwona akitia maji ndani na kulitikisa, akapata maji meupe. Baadaye alitikisa tena akapata maji tu. Mtoto wake alilia sana. Kisha akaacha kulia, akawa anatoa sauti ndogo kama ya paka, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Tulipumzika kwenye kibanda cha majani ambacho wasafiri wengine walikuwa wamekiacha. Mwanamke yule akaja mbele yangu, akapiga magoti.

"Dada," aliniambia, "miye sina kitu tena. Mutoto anakwenda kufa."

Mama mkwe alijibu kabla yangu. "Ile maziwa iko ya mwana wa mwana wangu. Haiko ya duka."

"Mama, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mvua ya Mweso?"

Watu husimulia kwamba hapo niliamua. Wanasema nilimtazama mwanamke yule nikaona kwamba sisi sote ni watu, na mengine ya namna hiyo. Hapana. Nilikuwa nimechoka hata siwezi kufikiri. Mtoto alitoa ile sauti yake ndogo, na maziwa yangu yakaanza kutoka yenyewe. Nguo yangu ililoa mbele. Mwanamke aliyenyonyesha anajua: mwili hauulizi mtoto ni wa nani. Nilinyoosha mikono nikamchukua. Mama mkwe alitugeuzia mgongo.

Tangu hapo nilikuwa na wawili. Huyu akimaliza, yule anaanza. Nilitembea mmoja akiwa mbele na mmoja nyuma, na wakati mwingine nilinyonyesha nikitembea, kwa sababu kundi halikungoja mtu. Mgongo uliniuma, chuchu zikapasuka. Lakini zaidi ya yote ilikuwa njaa. Njaa ya kunyonyesha si njaa ya kawaida. Ni kama mtu ameingia ndani yako na kijiko anakukwangua. Niliwatazama watu waliokuwa wakitafuna, nikatamani kuwanyang'anya.

Chakula kilikuwa mikononi mwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyepika na kugawa. Alinipa changu kwenye jani, akampa mke wa mwenye duka kipande, na mimi nikimaliza aliongeza kingine kwenye jani langu.

"Na weye, Mama?"

"Nimesha kula."

"Saa gani?"

"Wakati ulikuwa unalala."

"Sikulala."

"Basi wakati ulikuwa unasema mingi kama sasa. Kula."

Siku moja nilikataa. Niliweka jani chini nikamwambia sitakula mpaka nimwone yeye akimeza. Alichukua kiazi, akakiponda kwa vidole, akakileta mdomoni mwangu kama anayemlisha mtoto mchanga.

"Fungua kinywa. Batoto babili banangoja."

"Sasa wamekuwa wawili, Mama?"

Alishika kidevu changu, nikafungua.

Kwa mke wa mwenye duka mama mkwe hakuwa na huruma, au alikuwa nayo ya namna yake. Viatu vya kisigino vilipokatika, alirarua nguo yake mwenyewe ya pili akamfunga miguu, akimtukana wakati wote. Alimpa kikapu abebe. Mwanamke yule hakujua kubeba kama sisi, kamba ikipita kwenye paji la uso, mzigo ukilala mgongoni. Shingo yake ilitetemeka. Mama mkwe alimrekebishia kamba. "Haiko kofia hii," alimwambia. "Vuta chini. Tazama njia, hapana tazama mbingu. Mbingu haitakuangukia." Yule alifanya alivyoambiwa, machozi yakimtiririka, na hakusimama.

Mama mkwe mwenyewe nilimwona akichuma majani kando ya njia, anayatafuna, anatema nyuzi. Nilimwuliza ni dawa ya nini. "Ya meno," alisema. Kila asubuhi aliikaza nguo yake zaidi kiunoni, kisha akaongeza kamba ya gome la mgomba juu yake. Niliyaona hayo yote. Nilimgombeza, naye alinigombeza zaidi, na mwenye nguvu za kugombana kati yetu alikuwa yeye.

Mpaka tulipokuwa ndani kabisa ya msitu, mahali njia inaposhuka kwenye mizizi. Alikaa juu ya mzizi kama mtu anayepumzika kidogo, halafu hakuweza kusimama. Watu walitupita. Nilimpa mke wa mwenye duka watoto wote wawili, nikamshika mama mkwe mkono. Ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Nilianza kumpigia kelele. Nilimwambia kwamba mwanawe ataniua, kwamba yeye ni mkaidi, kwamba nani alimwomba.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, polepole, bila ile sauti yake kali:

"Miye nilinyonyesha watoto wangu wote. Najua. Ukikosa kula, maziwa inakauka, na ikikauka hairudi. Miye nikikosa kula, kitu gani inakauka? Midomo tu."

Nilikaa kwenye matope kando yake. Nilitaka kulala pale pale, nisiamke, kila mtu anayenihitaji aende kuhitaji mtu mwingine.

Mke wa mwenye duka ndiye aliyetuondoa pale. Alinirudishia watoto, akakitua kikapu, akanipa sufuria tu, kikapu na jembe akaviacha chini. Halafu akachuchumaa mbele ya mama mkwe na kumwambia apande mgongoni.

"Utaniangusha," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, Mama. Labda."

Alimwangusha kweli, zaidi ya mara moja, na kila mara alitukanwa, na kila mara alichuchumaa tena. Tulikwenda hivyo mpaka tukafika kijiji kimoja cha watu wa msitu, ambao hawakutujua wala kutuuliza lugha yetu. Walitupa ndizi za kuchoma na sombe, yale majani ya mihogo, yenye mawese. Mama mkwe alikula kidogo sana, akatapika, akala tena. Mimi nilikula nikilia, na sikuona haya.

Tulipofika Omate, mume wangu alikuja mbio kutoka machimboni, matope mpaka magotini. Alinikumbatia, akamshika mtoto wake, akamtazama mtoto mwingine asielewe. Kisha akanivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ule mama muzee ni nani?"

Mama mkwe alisikia. "Ni ule alikuzaa, mupumbavu."

Tulikaa kule mpaka barabara ikafunguliwa. Mvulana yule nilimnyonyesha mpaka alipoanza kula ndizi za kupondwa vizuri. Baba yake alitufuata, akizunguka njia za mbali, amekonda naye, akalia mbele ya watu alipomwona mwanawe akikaa mwenyewe. Binti yangu alichelewa kutembea, lakini alitembea. Sasa yeye mwenyewe ni bibi.

Tuliporudi Mweso, Jumapili moja baada ya misa, katekista alitaka waliofanya mema wakati wa vita wajulikane. Wanaume waliolinda kijiji walisimama, wakapigiwa makofi. Halafu yule mfanyabiashara akasimama bila kuitwa, akaeleza habari ya mwanawe, akaninyooshea mkono. "Huyu mama ndiyo shujaa," alisema. Wanawake wakapiga vigelegele. Niliinuliwa na watu waliokuwa karibu yangu.

Nilisema, na nilisema kwa sauti, kwamba wanakosea. Nilimwonyesha mama mkwe aliyekuwa ameketi kando yangu, miguu imenyooshwa. Nilisema kwamba maziwa yale yalikuwa chakula chake yeye, kwamba mimi nilikuwa njia tu ya kupitia. Mke wa mwenye duka naye alisimama akasema ni kweli.

Mama mkwe hakusimama. "Huyu mwana anaota," alitangaza, kanisa zima likasikia. "Miye maziwa yangu ilikauka zamani."

Watu wakacheka. Walicheka sana, na jambo likaishia hapo, na jina likanibakia mimi. Nimelibeba tangu siku ile kama mzigo wa mtu aliyekataa kuja kuuchukua. Nadhani watu wanahitaji kuona. Mtoto aliye kwenye titi la mwanamke asiye mama yake, hilo linaonekana. Chakula ambacho mtu hakula, nani atakiona?

Baadaye, tukipukuchua maharage uwanjani, nilimwuliza kwa nini aliwakatalia watu.

"Wakikuita shujaa," alisema, "kesho wanakuja kuomba kitu. Miye nimechoka."

"Na mimi je? Si wanakuja kwangu?"

"Weye uko kijana."

Akaendelea na maharage yake, akayatenga yaliyooza na kuyatupa kando, na alipoona ninamtazama aliniuliza kama kazi imekwisha.

Miguu yake haikupona tangu safari ile. Shamba la juu, ambalo alikuwa akiliendea kila siku kabla ya jua, hakulifikia tena. Nilipanda huko mimi, mtoto mgongoni, baadaye na mwingine, na mwingine tena. Jioni nikishuka na kuni nilimkuta ameketi mlangoni, na kabla sijatua mzigo alikuwa amekwisha kuniambia kwamba nimechelewa, kwamba kutoka mahali pale hata mwanamke mwenye mimba angekuwa amerudi zamani. Maji ya kuoga yalikuwa motoni. Sijui aliyachotaje, kwa miguu ile. Niliacha kuuliza.